"Kitoe tu, daktari": uongo na ukweli kuhusu kizazi kilichoshuka

Wiki hii pekee nimeisikia mara nne: "Kitoe tu, daktari. Nimeshazaa wanangu, kina kazi gani tena?"

Dhana: Kizazi kikishuka, dawa yake ni kukitoa.

Mwenye kosa si kizazi. Juu kimeshikiliwa na kano, chini kimebebwa na misuli ya nyonga. Uzazi, umri, kikohozi cha miaka na kukamua choo kigumu kila siku ndivyo vinavyolegeza vishikizo hivyo, kizazi kikaburutwa tu. Sasa ukikitoa, kilicholegea kimepona? Asiposhikiza daktari kilele cha uke mahali imara, uke wenyewe hujipindua ukatoka nje, kama soksi iliyovuliwa kinyumenyume. Nimewapokea wa namna hiyo, wameduwaa: "Kimetoka nini tena, na kizazi sina?"

Kwa hiyo kazi kubwa ni kushikiza, kizazi kiwepo kisiwepo. Namna moja ni kupitia ukeni, shingo ya kizazi ikashonwa kwa nyuzi kwenye kano ngumu iliyo nyuma ya nyonga, aghalabu upande wa kulia. (Tako la upande huo huweza kuuma wiki kadhaa. Usidhani umeharibiwa.) Uholanzi waliwagawa wanawake 208 kwa kura: nusu wakashikizwa hivyo, nusu wakatolewa kizazi na kilele cha uke kikashikizwa. Baada ya miaka 5, walioshukiwa tena sehemu ya juu hadi kusumbuka au kupasuliwa upya walikuwa 1 kwa waliobaki na kizazi, na 8 kwa waliotolewa.

Dhana: Kizazi kikibaki, kitaleta saratani.

Ndiyo maana tunachunguza kwanza. Unatokwa damu baada ya kukoma hedhi, au mlango wa kizazi una mabadiliko mabaya, au saratani ya kizazi imo kwenye ukoo? Hapo mimi mwenyewe nitakushauri kitoke. Wengine, endeleeni na vipimo vya mlango wa kizazi kama kawaida.

Dhana: Lazima uwekewe wavu wa plastiki wa kushikizia kizazi.

Hapana. Njia niliyoieleza ni ya uzi. Wavu wa kupitishwa ukeni kwa tatizo hili ulipigwa marufuku kuuzwa Marekani mwaka 2019. Ule wa kupitia tumboni ni habari nyingine.

Dhana: Mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga yatakirudisha.

Kikiwa kimeshuka kidogo, mazoezi hupunguza usumbufu. Kilichokwisha kuchungulia nje hakirudishwi na mazoezi.

Dhana: Bado nataka mtoto, basi nivumilie.

Uvumilie nini, na pesari ipo? Inavaliwa ukeni, inakibeba kizazi, upasuaji unasubiri umalize kuzaa. Mimba baada ya kushikizwa inawezekana, ila huweza kulegeza kilichoshonwa.

Na yeyote anayekuja kwangu nampa kazi ya choo kabla ya kisu: maji, mboga, kigoda chini ya miguu chooni, na asikamue. Nyuzi zangu haziwezi kushindana na mtu anayekamua kila asubuhi.