Bima ndogo, bima kubwa: kabla hujatia saini Texas

Wengi wanaofika ofisini kwetu hapa Houston kuulizia bima ya gari wana swali moja: "Ipi rahisi?" Siwalaumu. Mtu kaajiriwa zamu ya alfajiri, basi la saa hizo hakuna, gari la mkononi kalipia taslimu, anachotaka ni karatasi ya kumwonyesha polisi. Na kweli anaihitaji: ukikamatwa mara ya kwanza bila bima, faini huanzia dola 175 hadi 350, na ukirudia hufika 1,000.

Afrika Mashariki tumezoea bima ndogo na bima kubwa. Ndogo humlipa uliyemgonga, kubwa hukutengenezea na wewe. Texas sheria inadai ile ndogo, kwa viwango hivi: dola 30,000 kwa kila aliyeumia, zisizozidi 60,000 kwa ajali moja, na 25,000 kwa mali iliyoharibika. Mawakala huandika 30/60/25 tu, kama saizi ya kiatu. Sasa piga hesabu. Umeigonga kwa nyuma pikapu mpya ya dola 60,000, haitengenezeki. Bima yako inatoa 25,000 na kuishia hapo. Zile 35,000 zilizobaki unaweza kudaiwa wewe, mahakamani. Ndiyo maana namwambia kila mtu aulize na bei ya 50/100/50 kabla hajaikataa. Kiwango kikiongezeka maradufu, ada haipandi maradufu.

Bima kubwa huku imekatwa vipande. Kimoja hulipa gari lako likigongana. Kingine hulipa likiibiwa, likiungua, likizama mafurikoni au likipigwa na mvua ya mawe, na waliokaa Dallas wanajua mawe hayo yanavyofanya boneti. Wakala akikwambia "hii ni bima kamili", mwombe akuonyeshe vipande vyote viwili kwenye mkataba, kila kimoja na bei yake. Kando utakuta tarakimu kama 500 au 1,000. Hicho ndicho kiasi unachobeba mwenyewe kwanza kabla kampuni haijatoa senti. Ukikipandisha, ada hushuka. Sawa, kama hiyo elfu moja unayo. Gari la mkopo nalo halina mjadala: mkopeshaji atadai vipande vyote, na usipovikata atavikata yeye kwa bei yake na kukuongezea kwenye deni.

Katika rundo la karatasi za kusaini kuna aina mbili ninazoziogopa.

Ya kwanza ni ya kukataa. Sheria ya Texas inailazimu kampuni ikuwekee kinga ya matibabu, kuanzia dola 2,500, inayokulipia hospitali wewe na abiria wako bila kujali nani mwenye kosa, pamoja na sehemu ya mshahara uliopotea. Inailazimu pia ikupe kinga dhidi ya dereva asiye na bima. Hizi haziondoki mpaka uzikatae kwa maandishi. Bei ikishuka ghafla mbele ya macho yako, angalia umesaini nini.

Ya pili ni ya kumwondoa dereva. Baba mmoja wa kutoka Kivu alinitolea mkataba wake kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na vyeti vya watoto. Kijana wake alikuwa amegonga gari akitokea duka la dawa, na kampuni imekataa kulipa. Ukurasa wa nne ulikuwa na jina la kijana huyo, na chini yake saini ya baba: gari halina kinga akiliendesha yeye. Hakuna aliyemsomea mzee ukurasa ule. Kila anayeishi nyumbani kwako na kushika usukani mtaje kwa wakala, hata kama ada itauma.

Ada yenyewe huangalia umri, rekodi ya barabarani, mtaa unaolala gari na historia ya mikopo. California, Hawaii na Massachusetts haziruhusu historia ya mikopo itumike kwenye bima ya gari, Texas inaruhusu. Lakini kama yako imeharibiwa na ugonjwa mkubwa, msiba wa mwenzi, talaka au kupoteza kazi kwa muda, iandikie kampuni barua uombe tukio hilo lisihesabiwe.

Kwa wapangaji: bima ya mwenye nyumba hailipi televisheni wala magodoro yako. Bima ya mpangaji hulipa, na kwa kawaida ni nafuu sana ukilinganisha na ya gari, ila haigusi mafuriko. Waliokuwa hapa Agosti 2017, kimbunga Harvey kilipopita, hawahitaji kuelezwa. Ya mafuriko hukatwa peke yake katika mpango wa serikali kuu, na kwa kawaida husubiri siku 30 ndipo ianze kazi. Msimu wa vimbunga hufunguliwa tarehe 1 Juni, kwa hiyo anayetaka awe na kinga siku hiyo alipie kabla Aprili haijaisha.