Akaunti chaguo-msingi za leja kuu: maana yake na namna ya kuzipanga

Akaunti chaguo-msingi ni akaunti ya leja kuu ambayo programu ya uhasibu huitumia yenyewe mtu anapoingiza muamala bila kutaja akaunti. Keshia huandika jina la mteja, bidhaa, idadi na bei, basi. Kiasi gani kiende kwenye mauzo, kiasi gani kiwe VAT (kodi ya ongezeko la thamani) na thamani gani itolewe ghalani, hayo huamuliwa na programu. Nayo haikisii. Inafuata mpangilio uliowekwa mwanzoni, na itaufuata kwa kila risiti mpaka mtu aubadilishe.

Leja kuu ndiyo daftari linalokusanya hesabu zote za biashara, kila akaunti na ukurasa wake: mali, madeni, mtaji, mapato na matumizi. Kila muamala huandikwa pande mbili, debiti na krediti, utaratibu ambao Mwitaliano Luca Pacioli aliueleza katika kitabu kilichochapishwa Venice mwaka 1494. Zamani karani ndiye aliyechagua kurasa zote mbili kila mara. Sasa uchaguzi huo hufanywa mara moja, halafu mashine hurudia.

Chukua duka la jumla la leso pale Biashara Street, Mombasa. Mteja anachukua mzigo wa shilingi 11,600 kwa mkopo, VAT ya asilimia 16 ikiwa ndani, na mzigo wenyewe ulimgharimu mwenye duka 7,000. Keshia anabonyeza mara moja tu, lakini nyuma yake yanaandikwa maingizo matano. Wadaiwa wanapata debiti ya 11,600. Mauzo yanapata krediti ya 10,000, na VAT ya Mauzo krediti ya 1,600. Kisha Gharama ya Bidhaa Zilizouzwa inapata debiti ya 7,000, na Bidhaa Ghalani krediti ya 7,000. Akaunti hizo tano zote ni chaguo-msingi, na keshia hahitaji kuzijua hata moja.

Ndiyo maana mimi husisitiza kwamba kazi hii isiachiwe fundi wa kompyuta peke yake. Akikosea na kuelekeza Gharama ya Bidhaa Zilizouzwa kwenye akaunti ya Matengenezo ya Duka, urari, yaani orodha ya jumla za debiti na krediti, utalingana vilevile. Debiti 18,600, krediti 18,600. Urari hupima kama pande mbili ziko sawa, haupimi kama akaunti ni sahihi. Kosa la aina hii halina kengele. Linajirudia kila siku kwa unadhifu, na mwenye duka hulijua pale anapokaa na mhasibu wake mwisho wa mwaka akashangaa faida ghafi, yaani mauzo ukitoa gharama ya bidhaa, ni kubwa kuliko anavyojua mwenyewe.

Programu nyingi hupanga chaguo-msingi kwa ngazi. Juu kabisa iko kampuni nzima, chini yake kundi la bidhaa au kundi la wateja, na mwisho bidhaa moja moja au mteja mmoja mmoja. Ngazi ya chini ndiyo yenye nguvu: programu hutazama kwanza kama bidhaa ina akaunti yake, ikikosa hutazama kundi lake, ikikosa tena hupanda kwenye kampuni. Programu za ERPNext na Odoo zote zinaruhusu kupanga akaunti kwa bidhaa na kwa kundi. Ushauri wangu ni kupanga kwenye makundi: leso, vitambaa vya suti, huduma ya kushona. Ukipanga kwa kila bidhaa, siku moja bidhaa mpya itaingizwa kwa haraka bila akaunti na itaangukia kusikostahili.

Kwenye VAT, tenganisha akaunti ya VAT unayotoza wateja (VAT ya Mauzo) na ile unayolipa wauzaji (VAT ya Manunuzi). Marejesho ya VAT huwasilishwa KRA, Mamlaka ya Mapato Kenya, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na akaunti mbili safi hukupa tarakimu zake bila kutafuta. Ongeza na ya tatu ikiwa unauzia taasisi zilizoteuliwa kuzuia VAT. Taasisi hizo hukata asilimia 2 ya thamani kabla ya VAT na kuipeleka KRA kwa niaba yako, kwa hiyo kwenye ankara yetu ya 11,600 utalipwa 11,400. Zile 200 zilizobaki si punguzo la bei wala si gharama. Ni mali yako iliyo KRA, na zinataka akaunti yake upande wa mali. Maduka mengi huziacha zikining'inia kama deni la mteja, halafu mteja anasumbuliwa kwa simu kudaiwa pesa alizokwisha kuzituma serikalini.

M-Pesa nayo ipewe akaunti yake. Pesa zilizoingia kwenye till hazijafika benki mpaka zihamishwe, na makato yake ni gharama inayojitegemea. Ukielekeza malipo ya till moja kwa moja kwenye akaunti ya benki, usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha leja na taarifa ya benki, hautalingana hata siku moja.

Sasa tuje bandarini, maana hapa ndipo biashara nyingi za Mombasa hujidanganya bila kukusudia. Kontena likishuka Kilindini, bei ya mzigo ni sehemu tu ya gharama. Kuna nauli ya meli, bima, ushuru wa forodha, malipo ya bandari, ada ya wakala wa forodha, na lori la kufika godauni la Shimanzi. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 2 kinataka gharama za kuifikisha bidhaa mahali ilipo, pamoja na ushuru usiorudishwa, zihesabiwe ndani ya thamani ya bidhaa. VAT ya forodha unayoweza kuidai haiingii humo. Hiyo huenda kwenye VAT ya Manunuzi.

Lakini wakala wa forodha akisajiliwa kwenye programu kama muuzaji wa kawaida, chaguo-msingi lake huwa akaunti ya matumizi. Tuseme umenunua doti 1,000 kwa shilingi 400,000, na gharama za kuzileta ni 150,000. Programu itakuonyesha kwamba kila doti imekugharimu 400, na ukiuza kwa 520 bila VAT utajiona una faida ya 120. Kumbe doti ni 550 na unapoteza 30 kwa kila moja. Mwezi ule wa kontena utaonekana wa hasara kubwa, miezi inayofuata itaonekana ya neema, na bei utakazopanga zitajengwa juu ya tarakimu isiyo kweli. Dawa ni kufungua akaunti ya mpito, uiite Gharama za Uagizaji, uifanye chaguo-msingi la wakala na wasafirishaji, kisha ankara zote zikishafika, kiasi kigawanywe kwenye bidhaa. Faini ya kuchelewesha kontena mimi siiweki kwenye bidhaa. Hiyo ni gharama ya uzembe au foleni, na mwenye mali anapaswa kuiona peke yake.

Akaunti nyingine ya mpito ni ya mzigo uliopokewa ilhali ankara haijafika. Mzigo ukiingia godauni inapata krediti, ankara ikifika inapata debiti, na kwa kawaida hurudi sifuri. Ikibaki na salio kwa miezi, kuna ankara haijaingizwa au mzigo umehesabiwa vibaya. Salio la ubadilishaji wa dola, senti za kukadiria na salio la kuanzia pia zinahitaji akaunti zake, lakini hizo programu nyingi huja nazo tayari.

Ukigundua kosa, fahamu kwamba kubadilisha chaguo-msingi kwa kawaida hugusa miamala ijayo tu. Ya nyuma hubaki ilipo, nawe huihamisha kwa ingizo la jarida, yaani ingizo unaloliandika mwenyewe, lenye tarehe na maelezo. Programu ya QuickBooks Online, ukibadilisha akaunti ya bidhaa, hukuuliza kama unataka na miamala ya zamani ibadilishwe. Usikubali kabla ya kuzungumza na mhasibu, kwa sababu ripoti za miezi uliyokwisha kufunga zitabadilika, na hazitalingana tena na zile ulizompa benki au mshirika wako.

Kabla ya kuingiza ankara ya kwanza ya kweli, fungua kampuni ya majaribio ndani ya programu. Uza kwa taslimu, uza kwa mkopo, pokea M-Pesa, nunua, rudisha bidhaa iliyouzwa, rudisha iliyonunuliwa. Baada ya kila tendo fungua leja na usome maingizo yake mstari kwa mstari, mwenye duka na mhasibu wakiwa wamekaa pamoja. Bidhaa zinazorudishwa hasa zisirukwe, kwa kuwa programu nyingine huzipa akaunti yake tofauti na ya mauzo. Mkiridhika, ruhusa ya kubadilisha mipangilio hiyo ibaki kwenye majina hayo mawili.