Tozo ya EWURA si mlungula

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya Tanzania ya kudhibiti nishati na maji, ikitangaza bei kikomo za mafuta, ya bandari ya Tanga ikiwa na safu yake, vijiwe vya Ngamiani havikosi dai hili: "Watayabana vipi makampuni, na mishahara yao inatoka hukohuko?"

Kwamba fedha zinatoka kwenye sekta ni kweli. Sheria inaruhusu tozo isiyozidi asilimia 1 ya mapato ghafi ya wanaodhibitiwa. Ila inalipwa kwa taasisi, kwa lazima, na hesabu hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG). Kampuni iliyochukizwa na bei haina ruhusa ya kuizuia tozo hiyo. Na tusidanganyane: mwishowe anayeibeba ni dereva wa bodaboda, ndani ya bei ya lita yake.

Fedha za kuogopwa hupita mlango wa nyuma, tena kwa mtu mmoja. Huko Ohio, Marekani, kampuni ya umeme ya FirstEnergy ilikiri mwaka 2021 kuwa ililipa dola milioni 4.3 kwa kampuni ya Sam Randazzo, muda mfupi kabla hajawa mwenyekiti wa tume inayodhibiti umeme jimboni. FirstEnergy ilikubali kulipa dola milioni 230. Randazzo alikana mashtaka, akafariki 2024 kabla ya kesi kusikilizwa.

Ukitaka kumhoji mdhibiti, basi, muulize jana alilipwa na nani, maslahi yake ameyatamka wapi, na akistaafu anakwenda kuajiriwa na nani.