Tango za zamani: kulilia jana na kumcheka anayejikweza

Dhana: Tango, muziki na dansi ya Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, ni ya kucheza, maneno ni pambo.

Mwanzoni ilikuwa hivyo. Lakini tangu mwaka 1917, mwimbaji Carlos Gardel alipoimba "Mi noche triste", kilio cha mwanamume aliyeachwa na mpenziwe, watu wa Buenos Aires wamekuwa wakiyashika maneno kwa moyo.

Dhana: Anayelilia jana anakumbuka maisha aliyoyaishi.

Mara nyingine ndiyo. Mtunzi wa maneno Homero Manzi alipoandika "Sur", mwaka 1948, aliutaja mtaa wa Pompeya wa jiji hilo, aliousomea utotoni. Lakini "Volver", wimbo wa mtu anayerudi nyumbani baada ya miaka 20 akiwa na mvi, uliandikwa na Alfredo Le Pera, mzaliwa wa São Paulo, kwa ajili ya filamu iliyopigwa New York. Gardel aliyeuimba alikuwa ameondoka Buenos Aires muda mfupi tu kabla, mwaka 1933. Uchungu wa wimbo huo hata hivyo si wa bandia. Sensa ya 1914 ilionyesha kuwa karibu nusu ya wakazi wa jiji hilo walizaliwa nchi za nje. Nadhani wengi wao walisikia humo Napoli yao ya Italia au Galicia yao ya Hispania.

Dhana: Tango inawakejeli matajiri.

Anayesutwa zaidi ni maskini anayejitia utajiri. "Niño bien", ya mwishoni mwa miaka ya 1920, inamwandama kijana anayejifanya mtoto wa kishua: majina mawili ya ukoo, maskani yake baa ya wenye nazo, huku baba yake akizunguka kuuza fainá, mkate wa unga wa dengu, ili nyumbani wale. Wimbo unamkumbusha alikozaliwa: chumba chenye taa ya mafuta.

Taa hiyohiyo inawaka katika "Margot", maneno ya Celedonio Flores, sauti ya Gardel. Margarita ametoka kwenye nyumba ya wapangaji, kila familia na chumba chake, akaingia kabareti, ukumbi wa starehe za usiku, kwa jina la Kifaransa, Margot, wakati huo Ufaransa ikiwa ndiyo kipimo cha ustaarabu. Anavaa hariri, mama yake bado anafua nguo za watu. Msimulizi anakumbuka siku ambazo binti huyu hakuwa na cha kuvaa, na kumbukumbu hiyo anaigeuza fimbo: umeanguka kwa kosa lako mwenyewe, anamwambia.

Hapo ndipo kulilia jana na kukejeli majivuno vinapokutana. Kijana wa "Niño bien" anachekwa kwa mavazi na maneno yake. Margot anahukumiwa kwa maisha yake yote, na hapewi hata mstari mmoja wa kujibu. Naipenda sana sauti ya Gardel, lakini katika wimbo huu simwamini msimulizi. Anamtaka Margarita abaki na ufukara wake, ili yeye abaki na zamani yake.