Bahasha Yako Mbele ya Mashine: Elimu kwa Watumaji Barua Mkoani Tanga

Barua inayotumwa kutoka mjini Tanga kwenda Hamburg au Chicago huanza safari mikononi mwa watu. Huko iendako itaingia kwenye mashine inayoweza kuchambua barua zipatazo 36,000 kwa saa, yaani 10 kila sekunde. Mkanda ukienda mita 4 kwa sekunde, kila barua inapata nafasi ya sentimita 40 tu, na bahasha ndefu ya kiofisi peke yake inakula sentimita 22. Zinabaki 18. Katika mwanya huo, ambao haufiki hata nusu ya sehemu ya kumi ya sekunde, kilango kinapaswa kugeuka na kuielekeza barua kwenye shubaka lake kabla ya nyingine kufika. Ndiyo maana kasoro ambayo karani angeirekebisha kwa kidole inatosha kuisimamisha mashine nzima.

Watu wengi hudhani kazi ngumu ni kusoma anwani. Kwa maoni yetu, iliyowasumbua wabunifu zaidi ni ile inayoonekana nyepesi: kuchomoa bahasha moja, moja tu, kutoka kwenye rundo. Bahasha husimamishwa kwa ukingo, zikisukumwa na pala kutoka nyuma. Ya mbele hugusana na mkanda wenye matundu unaofyonza hewa, ikang'ang'ania na kuvutwa. Upande wa pili kuna mpira unaokwaruza, kazi yake kuizuia ya pili isifuate. Mbele kidogo vipo vitambuzi vya mwanga vinavyopima urefu na unene wa kilichopita. Zikitoka mbili zimeshikamana, urefu haulingani na bahasha ya kawaida, na zote mbili hutupwa kwenye shubaka la zilizokataliwa.

Hapa hali ya hewa ya pwani inahusika moja kwa moja. Unyevu wa masika huingia kwenye karatasi, bahasha inajikunja pembe, na gundi ya mfuniko inaanza kunata kabla ya wakati wake. Bahasha mbili zenye unyevu zikikutana na mkanda wa kufyonza hutoka pamoja. Ofisi zinazotuma barua nyingi, ziwe za mkonge, za bandari au shule, ziweke bahasha kwenye pakiti iliyofungwa, zikilazwa bapa, mbali na dirisha. Kabla ya kutuma, lipepee rundo kwa vidole kama karata ili hewa ipite kati yake. Mfuniko ubandikwe gundi mpaka mwisho wa pembe. Ulioachwa wazi nusu hunasa bahasha inayofuata, na hapo ndipo barua huchanika.

Pini za stepla na vibanio vya karatasi visiingie ndani. Sarafu na funguo ndiyo kabisa! Njia ya mashine ina kona nyingi ambako mikanda miwili huibana bahasha na kuizungusha kwenye roda. Karatasi inapinda, sarafu haipindi, kwa hiyo hutoboa bahasha na kuruka nje.

Kwa vipimo, Umoja wa Posta Duniani unaitambua barua ndogo kuwa yenye upana usiopungua milimita 90 na urefu usiopungua 140, isiyozidi 165 kwa 245, unene wa milimita 5 na uzito wa gramu 100. Karatasi ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5. Kurasa tatu na bahasha yake ndefu ni karibu gramu 20. Ukiongeza ukurasa wa nne, pima upya kabla ya kubandika stempu.

Ikishachomolewa, barua lazima igeuzwe uso. Waingereza walijaribu mjini Southampton mwaka 1957 kuweka mistari ya grafiti, ile kaboni ya kwenye penseli, nyuma ya stempu ili mashine iitambue kwa umeme. Baadaye ikatumika fosfori inayong'aa chini ya mwanga maalumu. Mashine hutafuta mng'ao huo, ikiukuta inajua pembe ya juu kulia ni ipi, kisha inagonga muhuri. Stempu iliyobandikwa katikati au nyuma ya bahasha inaipotezea mashine dira.

Kusoma kulichukua muda mrefu. Mashine maarufu ya mwanzo, Transorma ya Uholanzi, ilianza kazi Rotterdam mwanzoni mwa miaka ya 1930, na Brighton ikaipata yake mwaka 1935. Haikuwa na jicho. Waendeshaji walikaa mbele ya kibodi, kila barua ikipita machoni wanabonyeza namba ya njia waliyoikariri kichwani. Ukariri huo ndio uliokuja kuondolewa na postikodi, yaani namba ya eneo inayoandikwa kwenye anwani: Ujerumani ilianza na zake mwaka 1941, Marekani mwaka 1963, na miaka miwili baadaye kompyuta ya kwanza ya kusoma anwani zilizopigwa chapa ikafungwa Detroit. Siku hizi kamera inapiga picha, programu inasoma, na ikishindwa, picha hurushwa kwa mtu mwenye kompyuta ambaye huenda yuko mji mwingine kabisa. Naye huandika anachokiona. Mwaka 1997 Marekani ilikuwa na vituo 55 vya watu wa kazi hiyo. Jibu likipatikana, mashine huchapa msimbo wa mistari kwenye bahasha, na kutoka hapo hakuna mashine itakayohangaika na mwandiko wako tena.

Kamera hutafuta anwani mahali maalumu. Acha milimita 40 kutoka ukingo wa juu kwa ajili ya stempu na mihuri, milimita 15 kutoka kulia na 15 kutoka chini, na anwani isianzie mbali zaidi ya milimita 140 kutoka ukingo wa kulia. Anwani ya mtumaji ikae juu kushoto, kwa herufi ndogo zaidi, au nyuma. Ikiandikwa chini, sambamba na ya mpokeaji, programu inaweza kuichukua hiyo, na barua ikakurudia mwenyewe ikiwa na muhuri safi wa nje. Selotepu juu ya anwani huakisi taa na kufuta maandishi machoni pa kamera. Bahasha ya kaki yenye wino hafifu wa bluu nayo haisomeki. Tumia wino mweusi. Bahasha ya dirisha, ile yenye uwazi unaoonyesha anwani iliyo kwenye karatasi ya ndani, igonge mezani pande zote nne: anwani nzima ibaki inaonekana, na nafasi ya milimita 3 hivi kuizunguka.

Jina la nchi liwe mstari wa mwisho, kwa herufi kubwa. Kwa barua za ndani, postikodi ina tarakimu tano: 2 ni kanda ya kaskazini, 21 ni Tanga, tarakimu ya tatu ni wilaya, mbili za mwisho ni kata. Jirani zetu wa Bagamoyo, walio mkoa wa Pwani, huanza na 61. Ukikosea tarakimu ya mwisho barua inakwenda kata ya pili. Ukikosea ya kwanza inakwenda kanda nyingine ya nchi.

Namba ya kufuatilia kifurushi au barua ya rejesta ina kinga ya makosa ya aina hii. Chukua RR100234564TZ, ambayo ni mfano tu. Tarakimu nane za mwanzo zidishe kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7 kwa mfuatano, kisha jumlisha: unapata 128. Gawa kwa 11, inabaki 7. Toa 7 kwenye 11, unapata 4, ndiyo tarakimu ya tisa. Jibu likiwa 10 huandikwa 0, likiwa 11 huandikwa 5. Karani akibadilisha tarakimu moja kimakosa, karibu kila mara hesabu inakataa papo hapo.

Ubunifu mmoja wa mashine hizi hauhitaji umeme. Ili kumpangia mgawaji barua kwa mfuatano wa milango, mashine huzipitisha mara mbili. Yenye mashubaka 40 inapanga hivyo anwani 1,600. Ofisini, mashubaka 10 tu, kuanzia 0 hadi 9, yanatosha kupanga vituo 100 vya njia ya Ngamiani, hapa mjini Tanga, ambako barabara zenyewe zimezoeleka kwa namba. Kila kituo kipe namba ya 00 hadi 99. Tuseme una barua za 47, 12, 42, 07 na 17. Mzunguko wa kwanza angalia tarakimu ya mwisho: 12 na 42 zinaingia shubaka la 2; nazo 47, 07 na 17 zinaingia la 7. Zikusanye kuanzia shubaka dogo: 12, 42, 47, 07, 17. Mzunguko wa pili angalia tarakimu ya kwanza, kisha kusanya tena: 07, 12, 17, 42, 47. Masanduku ya S.L.P. yenye tarakimu nne yanataka mizunguko minne.

Watu huikosea njia hii wakati wa kukusanya. Barua iliyotangulia kuingia shubakani lazima itangulie kutoka. Ukilichukua rundo na kuligeuza kabla ya mzunguko wa pili, 17 itakaa mbele ya 12 na utalaumu njia bure. Kila barua mpya iweke nyuma ya zilizotangulia, nyuso zote zikielekea kwako, na barua isiyosomeka usiikisie: iweke pembeni mpaka mizunguko yote iishe.