Je, wajua kwa nini ukiziba pua huipati ladha ya iliki?

Pika chai, utie iliki, umimine kikombeni. Kabla ya kunywa, bana pua kwa vidole viwili, kisha piga funda moja. Utapata joto, utamu wa sukari na ukakasi wa majani. Iliki huipati kabisa. Sasa achia pua: iliki hiyo inakujia, kana kwamba ndiyo kwanza imetiwa.

Ulimi hutambua mambo machache tu: utamu, chumvi, ukali wa ndimu, uchungu, na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama. Mengi ya yale tunayoyaita ladha ni harufu inayopanda kutoka kooni hadi juu ndani ya pua. Huko kuna mamilioni ya seli za neva zenye vipokezi (sehemu zinazonasa harufu) vya aina zipatazo 400. Wanasayansi wa Marekani, Linda Buck na Richard Axel, walieleza jeni za vipokezi hivyo mwaka 1991, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2004.

Mafua ya kawaida huziba njia ya harufu. UVIKO-19 ulikuwa na namna yake: virusi vilishambulia hasa seli zinazozihudumia zile za neva, ndiyo maana watu wengi waliacha kunusa hali pua zao ziko wazi.

Hili si jambo dogo. Asiyenusa anaweza kunywa maziwa yaliyoharibika, au asijue mtungi wa gesi unavuja. (Gesi ya kupikia haina harufu kali, ile tunayoisikia hutiwa makusudi ili itustue.) Hamu ya kula nayo hupungua, na kwa mzee huo ni mwanzo wa kukonda. Isitoshe, kunusa kunakofifia polepole bila mafua kunaweza kutangulia ugonjwa wa Parkinson (ule wa ubongo unaoleta kutetemeka) kwa miaka kadhaa. Si kila anayepata hali hiyo ataugua, lakini amwone daktari.

La kutia moyo ni kwamba seli za neva za pua huzaliwa upya maishani. Mwaka 2009, mtafiti Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, waliwapa wagonjwa waliopotewa na uwezo wa kunusa harufu nne wanuse asubuhi na jioni kwa wiki 12: waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Waliofanya mazoezi hayo walipata nafuu kuliko wasiofanya.

Karafuu ile ile ya Pemba, ya kwenye pilau. Weka punje chache kwenye kikopo chenye kifuniko, funua, nusa taratibu kwa sekunde kama 10, huku ukijaribu kukumbuka inavyonukia sufuria likifunuliwa.