Sare ya harusi dukani imemechi, juani haimechi, nani mwongo?

Msimu wa harusi ukianza huku kwetu kliniki ya macho tunapata kesi za ajabu. Juzi kaja mama mmoja kupima macho sababu kamati imemjia juu, kitambaa cha gauni na cha kilemba kanunua Kariakoo, dukani vyote bluu ileile, kufika nje kilemba kimekuwa zambarau. Tukampima, macho mazima kabisa, tatizo miwani ya kusomea tu. Na muuzaji hajamwibia.

Iko hivi, kitambaa chenyewe kinameza mwanga mwingine na kurudisha mwingine, sasa kitarudisha nini kama hakijapewa? Jua lina mwanga wa kila aina, zile tyubulaiti za dukani zina mapengo kibao. Halafu nyuma ya jicho tuna seli za rangi kama milioni 6 hivi, ila aina zake ni 3 tu, na ubongo unachofanya ni kulinganisha ipi imeshtuka zaidi. Kwahiyo dai mbili (rangi za kutilia kitambaa) tofauti kabisa zinaweza kuzishtua seli zako sawasawa chini ya taa moja, ukabadilisha taa tu zinaachana.

Huamini? Fungua picha ya njano kwenye simu, dondoshea tone dogoooo la maji juu ya kioo uchungulie. Utaona vidoti vyekundu na vya kijani, njano yenyewe hakuna, umeitengeneza wewe kichwani.

Kuna wanaopungukiwa aina moja ya seli, wengi wanaume, maana kasoro hiyo hukaa kwenye kromosomu X na mwanaume anayo moja tu, haina spea. Dogo akichanganya penseli nyekundu na ya kijani msimgombeze, mleteni tumwonyeshe vile vidoti vya kupimia rangi vya daktari Ishihara wa Japani, vipo tangu 1917. Ila akikwambia kijivu ni bluu hilo laweza kuwa la lugha tu, Kiswahili chenyewe rangi za asili ni nyeusi, nyeupe na nyekundu, nyingi zilizobaki tumeazima kwenye majani, majivu, zambarau, mpaka damu ya mzee.

Ukinunua sare toka nazo mpaka mlangoni, halafu uzicheki na kwenye taa za ukumbi, maana sherehe ni usiku. Yule mama alivyofuata miwani yake kasema ukumbini vilimechi tena, kamati kimya.